Hardwick Hall: mjane aliyeandika jina lake juu ya paa

Huko Derbyshire, katikati ya Uingereza, kuna jumba la mawe lenye minara sita. Juu ya kila mnara kumechongwa herufi mbili ambazo mtu anazisoma akiwa bado mbali: E na S. Ni jina la mwanamke. Leo tunawaeleza namna jumba hilo lilivyojengwa, na juu ya nini mwenyewe alitaka kila mpita njia alisome jina lake.

Wapenzi wasomaji, mtu anayetoka London kwenda kaskazini kwa barabara kubwa inayoitwa M1, akikaribia mji wa Chesterfield, ainue macho. Ataona kilima, na juu yake nyumba mbili za mawe zilizo karibu karibu. Moja ni gofu: kuta zimebaki, paa hakuna. Ya pili ni nzima, imesimama wima, na jua la jioni likiipiga, inang'aa kama taa, kwa sababu upande wake wote ni vioo. Hiyo ya pili ndiyo Hardwick Hall.

Vijana wetu wanaopenda filamu za Harry Potter wamekwisha kuiona bila kujua jina lake. Sura yake ya nje ndiyo iliyotumiwa kuonyesha makao ya ukoo wa Malfoy. Lakini nyumba yenyewe si ya sinema wala si ya wachawi. Ilijengwa tangu 1590 mpaka 1597, na aliyeijenga ni mama aliyekuwa amepita miaka 60, na bwana yake wa nne alikuwa ndiyo kwanza amefariki.

«Huyu mama eko nani?» Ndilo swali la kwanza la kila mtu anayesikia habari hii. Na sisi tunaanzia hapo, maana jumba hili halisomeki kama hatujui maisha ya mwenyewe.

Mtoto wa kilimani

Jina lake Elizabeth Hardwick, lakini watu wote wanamwita Bess. Alizaliwa karibu na mwaka 1527 juu ya kilima hichohicho, katika nyumba ya watu wenye shamba, si masikini sana na si matajiri. Baba yake alifariki mwaka 1528, bado kijana, akaacha mtoto mwanaume mdogo kama mrithi. Sheria ya wakati ule ilikuwa kali: mwenye ardhi akifa na mrithi hajakomaa, biro ya mfalme inaweza kuchukua ulinzi wa ile ardhi na mapato yake mpaka mtoto akue. Njo maana Bess alikulia katika nyumba iliyopungukiwa, akijua tangu utoto kwamba ardhi inaweza kutoka mikononi kwa karatasi moja.

Aliolewa akiwa bado msichana na kijana anayeitwa Robert Barley. Huyo alikufa mwaka 1544. Kwa sheria, mjane alikuwa na haki ya kupata theluthi ya mapato ya ardhi ya bwana yake. Kupewa ni jambo lingine. Ilimbidi Bess aende kwenye tribinali ndipo apate fungu lake. Wasomaji wetu wanajua maneno ya wajane na mali, hatuna haja ya kuyarefusha.

Tuseme wazi jambo moja, kwani ndilo msingi wa nyumba hii. Katika Uingereza ya siku zile, mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali. Makuta yake, vyombo vyake, mapato ya ardhi yake, vyote vilikuwa chini ya mkono wa bwana. Lakini mjane alikuwa mtu kamili mbele ya sheria: anaweza kununua, kuuza, kukopesha, kushtaki, na kujenga.

Bwana wa pili, Sir William Cavendish, alimwoa mwaka 1547. Walizaa watoto wanane, sita wakapona. Pamoja walianza mwaka 1552 kujenga nyumba kubwa ya Chatsworth, katika Derbyshire hiyohiyo, na hapo Bess akajifunza kazi ya ujenzi: mawe, mbao, chokaa, na hesabu za mafundi. Cavendish alifariki mwaka 1557. Akaja wa tatu, Sir William St Loe, ambaye alipokufa alimwachia mali yake. Wa nne alikuwa George Talbot, konte wa Shrewsbury, mmoja kati ya watu matajiri sana wa ufalme. Kwa ndoa hiyo mtoto wa kilimani akawa kontesi.

Ndoa hiyo ya nne ilivunjwa na mgeni. Mwaka 1569 malkia Elizabeth wa Kwanza alimpa konte kazi ya kumlinda Mary Stuart, malkia wa Scotland aliyekuwa mfungwa Uingereza. Ulinzi ule uliendelea miaka 15. Uliharibu makuta ya konte, ukaharibu na amani ya nyumba. Bwana na bibi wakafikia kuchukiana. Mwaka 1584 konte alitumia nguvu kumtoa Bess Chatsworth, kwa sababu aliona ile nyumba ni yake yeye, bwana. Bess akakimbilia Hardwick, nyumbani kwao. Kaka yake James alikuwa amekufa gerezani London kwa madeni mwaka 1581, na miaka miwili baadaye shamba la ukoo lilikuwa limeingia mikononi mwa dada yake.

Hapo kilimani Bess akaanza, mwaka 1587, kupanua nyumba ya zamani ya wazazi. Kazi ilikuwa bado inaendelea wakati konte alipokufa, mwezi wa Novemba 1590. Sasa alikuwa mjane tena, na mapato makubwa yakarudi chini ya mkono wake. Hakungoja kumaliza nyumba ya kwanza. Mwisho wa mwaka uleule, hatua chache tu kutoka pale, watu walikuwa wanachimba msingi wa nyumba ya pili. Nyumba mbili kubwa, parseli moja, zikajengwa kwa wakati mmoja.

Fundi na plani yake

Plani ya Hardwick Hall inahesabiwa kuwa kazi ya Robert Smythson. Huyu hakusoma shule ya arshitekti, shule hiyo haikuwepo. Alikuwa fundi wa mawe. Alifanya kazi katika jumba la Longleat, kisha akachora Wollaton Hall karibu na Nottingham, iliyojengwa kati ya 1580 na 1588. Michoro ya ukoo wake imehifadhiwa mpaka leo, na mmoja kati yake unafanana sana na Hardwick. Alipofariki mwaka 1614 waliandika kwenye kaburi lake kwamba alikuwa arshitekti, neno ambalo Waingereza wachache tu walikuwa wanalitumia.

Lakini fundi hakuwa peke yake. Bess hakumpa mtu mmoja kazi yote na ufunguo. Alilipa kipande kwa kipande: wachonga mawe hivi, maseremala hivi, wapaka chokaa hivi. Vitabu vya hesabu bado vipo, na chini ya kurasa mtu anaona sahihi ya mama mwenyewe. Ni kwa vitabu hivyo tunajua majina ya watu wa mkono. John na Christopher Rodes walijenga kuta. Thomas Accres alichonga marumaru na alabasta. Abraham Smith alifanya picha za chokaa. Mara nyingi, nyumba kubwa za dunia zinatuachia jina la tajiri tu. Hapa mafundi nao wamebaki.

Na vifaa vya ujenzi? Hapo akili ya mama Bess inaonekana. Mawe yalitoka katika karieri ya pale pale, kwenye mteremko wa kilima. Mbao zilitoka katika misitu yake. Madini ya risasi kwa ajili ya paa yalitoka katika ardhi zake. Hata vioo, kitu cha bei ngumu kuliko vyote, vilitengenezwa katika tanuru yake mwenyewe. Mwenye karieri, mgodi na msitu haendi sokoni kubembeleza bei.

Sura ya nje: hesabu iliyonyooka

Mtu akiitazama plani ya Hardwick kutoka juu, anaona umbo la mstatili, na minara sita imebandikwa kandokando: miwili mbele, miwili nyuma, na mmoja mmoja kwenye kila ncha. Ni hesabu nyepesi. Lakini akiizunguka nyumba kwa miguu, minara hiyo inacheza naye. Pahali pengine anaiona yote imetengana, pahali pengine inasimama mmoja mbele ya mwingine kama kundi la watu. Nyumba haisogei, ni yeye anayesogea, lakini sura inabadilika kila hatua.

Upande wa kushoto na wa kuume ni sawasawa, kama uso wa mtu katika kioo. Mbele, katikati ya minara miwili, kuna baraza yenye nguzo za mawe, namna waliyojifunza kutoka vitabu vya Italia. Mapambo mengine ya ukutani ni machache sana. Hakuna sanamu nyingi wala maua mengi ya mawe. Uzuri wote umeachiwa vipimo na madirisha.

Na juu kabisa, pahali ambapo nyumba zingine zinaweka ukingo mtupu, Bess aliweka herufi zake. E ni Elizabeth, S ni Shrewsbury, na juu yake taji la kontesi. Zimechongwa kwa mawe na kutobolewa, hivi kwamba mbingu inaonekana kati ya herufi. Paa lenyewe ni tambarare, limefunikwa na risasi, na wageni waliweza kupanda kutembea huko juu na kuingia katika vyumba vya minarani kula vitu vitamu na kutazama nchi. Nchi hiyo waliyoitazama, sehemu kubwa ilikuwa ya mama.

Vioo, moshi na udanganyifu kidogo

Leo kioo ni kitu cha kawaida, mtoto akivunja dirisha tunamgombeza na tunanunua kingine. Katika karne ya 16 ilikuwa ngumu. Watu walijua kupuliza kioo kwa mdomo na kutoa vipande vidogo tu. Kila dirisha kubwa lilikuwa ni vipande vingi vya kioo vilivyoshonwa pamoja kwa vijiti vyembamba vya risasi, sawa na kitenge cha viraka. Watu wengi wa vijijini hawakuwa na kioo hata kimoja. Kujenga kuta nzima za vioo ilikuwa ni kuwaambia majirani: angalieni makuta yangu.

Lakini angalieni tena namna madirisha yalivyopangwa. Etaji ya chini, madirisha ni ya kiasi. Etaji ya kwanza, yanarefuka. Etaji ya pili, ni makubwa kabisa. Katika nyumba nyingi uzito unakaa chini na mambo madogo yanakwenda juu. Hapa ni kinyume: kadiri macho yanavyopanda, ndivyo nyumba inavyozidi kuwa nyepesi na yenye mwanga. Na hiyo si mapambo matupu, kama tutakavyoona ndani.

Swali la fundi: kuta zikiwa vioo, mabomba ya moshi yatapita wapi? Nyumba ya Uingereza haikai bila moto. Smythson aliyaingiza mabomba mengi ya moshi katika kuta za ndani, ule uti wa mgongo unaokwenda katikati ya nyumba na kubeba uzito. Njo vile kuta za nje zikapata nafasi ya kuwa vioo.

Udanganyifu nao upo. Ili sura ya nje iwe sawasawa kushoto na kuume, kuna madirisha yasiyo madirisha. Nje unaona kioo, nyuma yake ni ukuta au bomba la moshi. Kwingine dirisha moja refu linafunika etaji mbili za vyumba vidogo. Nje nyumba inasema neno moja, ndani inasema lingine, na fundi alilijua hilo vizuri.

Na baridi? Kioo kinaleta mwanga, hakileti joto. Orodha ya vitu vya nyumba iliyoandikwa mwaka 1601 inaonyesha chumba cha kulala cha Bess kikiwa na blanketi juu ya blanketi, na vitambaa vizito vya kutundika mbele ya madirisha na mlango. Mama alijenga nyumba ya vioo, halafu usiku akaifunika ili apate usingizi.

Kupanda ngazi ni kupanda cheo

Tuingie sasa. Mlango unafungukia ukumbi mkubwa, na hapo Smythson alifanya jambo jipya. Katika nyumba za zamani za Uingereza, ukumbi ulilala kandokando ya uso wa nyumba, na mgeni aliingia pembeni kupitia njia nyembamba. Hardwick, ukumbi umegeuzwa: unakata nyumba katikati, toka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo mlango unaweza kukaa katikati kabisa, na sura ya nje ibaki sawasawa. Ni mageuzi yanayoonekana madogo, lakini yanamaanisha kwamba ukumbi umeacha kuwa pahali ambapo bwana na watumishi wote wanakula pamoja. Umekuwa njia ya kupitia, na pahali pa watumishi.

Etaji ya chini ilikuwa ya jiko, watumishi na watoto. Etaji ya kwanza ilikuwa ya mama mwenyewe na jamaa yake: chumba chake cha kulala, vyumba vya kulia na kukaa vya kila siku. Etaji ya pili ilikuwa ya heshima kubwa, ya kumpokea mkubwa yeyote, hata malkia kama angefika. Sasa tunaelewa madirisha: ukubwa wa kioo unafuata ukubwa wa mtu.

Ngazi ya mawe inatoka karibu na ukumbi, inapanda polepole, inakata kona, inapita katika giza na mwanga, mpaka inafika mlango wa Saloni Kubwa ya Juu. Chakula nacho kilipita njia hiyohiyo. Siku za sherehe, watumishi walikibeba kutoka jikoni, wakapita ukumbini, wakapanda ngazi yote kwa mwendo wa heshima mpaka juu. Tunaweza kuwaza supu ilifika na joto la namna gani. Lakini kwa wakubwa wa siku zile, mwandamano ulikuwa sehemu ya chakula.

Saloni yenyewe, mgeni akiingia, anaona juu ya kuta mkanda mpana wa picha za chokaa zilizopakwa rangi, kazi ya Abraham Smith: msitu mzima, wanyama, wawindaji, na katikati Diana, mungu wa kike wa uwindaji katika hadithi za Warumi, ambaye hakuolewa. Kila mtu alijua anasifiwa nani. Malkia Elizabeth naye hakuolewa. Alama ya ufalme iko pale juu ya mahali pa kuota moto. Nyumba ilikuwa tayari kumpokea. Malkia hakufika hata siku moja.

Nyuma ya saloni, upande wa mashariki, kuna Ukumbi Mrefu, karibu meta 50, na kwenda juu karibu meta 8. Kazi yake ilikuwa nini? Kutembea. Siku za mvua na baridi wakubwa walifanya mazoezi humo, wakipiga hatua toka ncha moja mpaka nyingine, wakizungumza na kutazama picha za ukoo. Sakafu imetandikwa mikeka ya matete, kama zamani.

Mnyama aliyeongezewa pembe

Kuta za Ukumbi Mrefu zimefunikwa na mazulia ya ukutani, yaani vitambaa vizito vilivyofumwa kwa sufi na hariri. Ni 13, na yanasimulia habari ya Gideoni, yule wa Biblia aliyeshinda vita na watu wachache. Yalifumwa huko Oudenaarde, katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji, kwa ajili ya Sir Christopher Hatton, mkubwa wa serikali ya malkia. Hatton alikufa mwaka 1591 na madeni mengi. Mwaka uliofuata, Bess akanunua mazulia yote kwa warithi wake, kwa pauni mia tatu na zaidi.

Hapo akafanya jambo ambalo kila mama wa sokoni ataelewa. Alama za ukoo wa Hatton zilikuwa zimefumwa humo. Bess alisema: nitaingia gharama kuzifunika, mnipunguzie bei. Wakampunguzia pauni 5. Kisha akabandika juu yake alama za kwao zilizopakwa rangi, na mnyama wa Hatton, paa jike, akaongezewa pembe ili awe paa dume, mnyama wa ukoo wa Cavendish. Mtu anayeinua macho leo bado anaona kazi hiyo.

Aliyefungwa ndani ya mwanga

Tusiseme habari nzuri tu. Katika nyumba hii ya mwanga aliishi pia msichana ambaye hakupata uhuru. Arbella Stuart, mjukuu wa Bess, alizaliwa mwaka 1575. Kwa upande wa baba alikuwa na damu ya kifalme, na kwa kuwa malkia hakuwa na mtoto, Arbella angeweza kurithi ufalme. Alibaki yatima mapema, na bibi yake akamlea.

Kumlea ikageuka kumchunga. Mwaka 1592 Bess aliandika kuwahakikishia wakubwa wa serikali kwamba mjukuu hatoki saa za usiku, na kwamba analala katika chumba kimoja na yeye. Mwanzoni mwa 1603 Arbella, mwanamke mzima wa miaka 27, alijaribu kutoka Hardwick. Watu waliokuja kumchukua walizuiwa mlangoni. Mwaka huohuo malkia alikufa, taji likaenda kwa James wa Scotland, na Arbella hakupata kitu. Alikufa mwaka 1615 akiwa mfungwa katika Mnara wa London.

Mama aliyepigania maisha yote asitawaliwe na bwana, yeye mwenyewe alimfungia mjukuu mlango. Kuta ni zilezile. Kwa mmoja zilikuwa ushindi, kwa mwingine zilikuwa gereza.

Juu ya nini bado limesimama

Bess aliingia nyumba yake mpya mwezi wa Oktoba 1597. Aliifurahia miaka kumi hivi, akafariki Februari 1608, wakati wa baridi kali sana. Inasimuliwa kwamba mpiga ramli alimwambia hatakufa kama ujenzi unaendelea, na kwamba siku zile chokaa iliganda na mafundi wakaacha kazi. Ni hadithi ya watu, lakini inaonyesha walivyomwona.

Warithi wake, ukoo wa Cavendish, walipanda mpaka kuwa maduki wa Devonshire. Lakini walichagua kukaa Chatsworth. Hardwick ikawa nyumba ya pili, ya kupita. Na hapo ndipo ilipookoka. Chatsworth ya Bess ilijengwa upya, leo karibu hakuna kinachoonekana cha wakati wake. Nyumba ya zamani ya kilimani ilibomolewa paa katika karne ya 18, ikawa gofu. Hardwick Hall, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha kufuatana na mtindo mpya, ilibaki na plani yake, picha zake za chokaa na vitambaa vyake. Mwanafalsafa Thomas Hobbes, aliyewafundisha vijana wa ukoo huo, alifia humo mwaka 1679.

Hatari kubwa ilikuja kwa njia ya biro ya kodi. Duki wa kumi alipofariki mwaka 1950, serikali ilidai kodi ya urithi ya asilimia 80. Ukoo ukatoa Hardwick kulipa deni. Nyumba ilipita serikalini mwaka 1956, na mwaka 1959 ikawekwa mikononi mwa shirika la National Trust, ambalo linaihifadhi na kuwafungulia wageni. Mwenyeji wa mwisho alikuwa mjane naye: Evelyn, mke wa duki wa tisa. Aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1960, na miaka mingi alikaa na sindano mkononi, akishona yeye mwenyewe mazulia yaliyochanika.

Kazi hiyo ya sindano iliendelea baada yake. Yale mazulia 13 ya Gideoni yalisafishwa na kushonwa moja moja na mafundi. Ilichukua miaka 24. La mwisho lilirudishwa ukutani mwaka 2023. Fikirini: nyumba yenyewe ilijengwa kwa miaka saba, lakini kutengeneza vitambaa vya ukumbi wake kulichukua zaidi ya mara tatu ya muda huo. Wanaopenda kujenga, wakumbuke hesabu hiyo.

Neno letu la mwisho linahusu zile herufi mbili. Bess alipozipandisha juu ya minara, sheria ya nchi yake ilisema mwanamke mwenye bwana hana chake. Sheria hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1870, na ni mwaka 1882 tu ndipo mwanamke aliyeolewa alipata haki ya kushika mali yake mwenyewe kwa jina lake. Ni karibu miaka 300 baada ya ule msingi kuchimbwa. Muda wote huo, kila mwanamke aliyepita chini ya kilima, mwenye bwana au mjane, aliweza kuinua macho na kuona E na S, wazi mbele ya mbingu, na nyumba iliyo chini yake.